Spika bado zinavuma na laini ya pekee umeshavuta: anza kwa boksi ya breka

Nilivuta laini ya pekee ya stima kwa chumba changu cha mziki hapa Donholm, Nairobi, kutoka boksi ya breka mpaka ukuta wa nyuma ya ampu, waya ya 6 (yaani shaba ya milimita 6 za mraba), breka yake, soketi zake, na siku ya kwanza nikawasha nikakaa kwa kiti nikasikia ule mvumo niliokua nataka kuufukuza uko pale pale, haukupungua hata kidogo. Wiki mbili baadaye nikajua ulikua unaingia na waya ya dishi. Ile inatoka kwa paa inaingia kwa dikoda, dikoda imeungwa kwa ampu, na mvumo ulikua unapitia hapo. Kungoa waya moja kungenionyesha hiyo shida kwa dakika mbili bila kutoboa ukuta wowote.

Kwa hivyo mtu akiniuliza niweke waya ya ngapi, mimi kwanza namuuliza shida yako iko upande gani wa boksi. Kuna upande wa kabla ya boksi: transfoma ya Kenya Power, nguzo, majirani, mita, na ile kebo inatoka kwa mita ikaingia nyumbani. Kuna kutoka boksi mpaka soketi. Alafu kuna kutoka soketi kuendelea, yaani vyombo vyenyewe na nyaya za kuviunganisha. Laini ya pekee inatibu huo wa katikati peke yake, hizo pande zingine mbili haizigusi, na kwa vile nimeona kwa nyumba za watu mvumo mwingi unatoka kwa huo upande wa mwisho.

Vitu nitakuambia ufanye hapa ni vya plagi, breka, masikio na multimita. Kufungua boksi na kuunga waya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, shirika la serikali la kusimamia kawi, mwachie.

Mvumo mzito kwa spika hata mziki ukiwa umezimwa

Zungusha sauti kwanza. Mvumo ukipanda na kushuka na sauti, unaingia kabla ya kitufe cha sauti, yaani unatoka kwa chombo kimoja kati ya vile umechomeka kwa ampu. Usipobadilika, unatoka kwa ampu yenyewe ama kwa vile imekaa.

Zima kila kitu, ngoa nyaya zote za nyuma ya ampu ubakishe spika na stima tu, washa. Kimya? Basi ampu na waya ya ukutani ziko sawa, usinunue kitu. Rudisha chombo kimoja kimoja na kila ukirudisha sikiza. Siku yangu nilifika kwa dikoda nikasikia mmmmm, nikatoa waya ya dishi nyuma ya dikoda, kimya kabisa, nikairudisha, mmmmm. Hapo hauhitaji mtu akuelezee zaidi.

Kinachotokea ni hivi. Ampu ina njia yake ya kufika kwa ethi, ile waya ya kijani na njano kwa plagi. Dikoda nayo ina njia nyingine kupitia kebo ya dishi mpaka kwa mlingoti, na kama uko kwa ghorofa hiyo kebo pengine imeungwa na ya majirani wote kwa paa. Sehemu hizo mbili hazina volteji sawa, tofauti ni ndogo sana lakini iko, kwa hivyo mkondo unatembea kutoka moja kwenda nyingine na njia yake ni ile shildi (wavu wa chuma wa nje) ya waya ya RCA, ile waya ya sauti ya kuunga chombo na ampu, ile ile imebeba mziki. Ampu haijui hii ni mziki na hii ni stima, inakuza zote. Stima yetu ni 240V ya 50Hz kwa hivyo unachosikia ni mvumo wa 50 na wenzake wa 100 na 150 na kuendelea.

Dawa ya dishi ni kale kakifaa ka kutenganisha kanawekwa kwa kebo kabla ifike kwa dikoda, kanapitisha mawimbi ya TV na kukata njia ya chuma. Kwa laptopu, ngoa chaja icheze na betri, mvumo ukiisha umepata mwizi, na hapo kuna transfoma ndogo za kutenganisha zinawekwa kwa waya ya RCA, ama kama ampu na DAC (kifaa cha kugeuza mziki wa dijitali) zina XLR, zile za pini tatu, tumia hizo. Kwa tantebo angalia ile waya nyembamba ya ethi inatoka kwa tantebo kwenda kwa ampu, mara nyingi imelegea ama mtu hakuiweka kabisa.

Kitu kimoja usifanye hata kama utaambiwa na mtu unamheshimu: usikate pini ya ethi kwa plagi, usiichomoe waya ya ethi ndani ya plagi. Ni kweli mvumo utaisha. Lakini siku laivu itagusa bodi ya ampu ndani, hiyo bodi ya chuma itakua na 240V ikingoja mkono wako ama wa mtoto. Mimi sikai kwa chumba cha mtu mwenye amefanya hivyo mpaka airudishe.

Mvumo ukibaki na hakuna kitu kimechomekwa, na ni ule wa zzzz wa 100Hz, kapasita za pawa ndani ya ampu pengine zimezeeka, peleka kwa fundi wa ampu. Na kama ni tantebo peke yake na mvumo unabadilika ukisogeza mkono wa sindano karibu na ampu, ni sumaku ya transfoma, sogeza tantebo mbali. Nyaya za mziki na za stima pia zisitembee pamoja kwa trankingi moja, na pale lazima zikutane zivukane kama msalaba.

Ulivuta laini mpya na mvumo ukazidi

Hii inashangaza watu na ndio nataka nikae nayo kidogo juu inaumiza, umelipa pesa na umeharibu rangi ya ukuta alafu kitu kimekua kibaya.

Nyumba zetu nyingi soketi zimewekwa kwa ringi, yaani 2.5 inatoka kwa breka ya 32A inazunguka soketi zote na kurudi pale pale kwa breka. TV, dikoda, ampu, zote zilikua kwa ringi moja, pengine soketi moja na ekstensheni, kwa hivyo ethi zao zilikua zinakutana hapo karibu. Sasa umehamisha ampu kwa laini mpya na TV ukaiacha kwa ringi ya zamani, na bado kuna waya ya sauti kati yao. Unaona umefanya nini? Ethi ya ampu inaenda mpaka kwa boksi mita 15, ethi ya TV inazunguka nyumba nzima mpaka kwa boksi hiyo hiyo, na zile nyaya mbili pamoja na ya RCA zimechora duara kubwa kuliko la kwanza. Duara kubwa linashika sumaku zaidi na linabeba tofauti kubwa zaidi ya volteji.

Sheria yangu ni moja hapo: kila kitu kinaguswa na waya ya sauti kikae kwa laini moja. Chombo kimoja kikibaki nje laini yako haina maana. Na laini yenyewe iwe rediali, itoke kwa boksi iishie kwa soketi za chumba, isizunguke. Kama unaweka soketi nne weka zote pahali pamoja nyuma ya raki, usizitawanye kwa kuta nne.

Kama nyumba yako ina fezi tatu, vile vile kila chombo cha sauti kikae kwa fezi moja. Mwambie fundi akuchagulie fezi haina pampu ya maji wala shawa.

Alafu kuna hii ya kuweka fimbo ya pili ya ethi nje, ya chumba cha mziki peke yake, ati ethi safi. Hapana. Fimbo mbili hazijaungwa pamoja zinaweza kuwa na volteji tofauti sana wakati wa hitilafu ama radi ikipiga karibu, na hiyo tofauti itapita ndani ya vyombo vyako. Ukitaka kuboresha ethi, boresha ile ya nyumba yote. Huku Eastlands udongo ni ule mweusi unaopasuka kiangazi, ukikauka unaachana na fimbo na ukinzani unapanda, ndio maana mtu anasema mwezi wa pili nyumba inamchoma choma na mwezi wa tano iko sawa. Fundi apime fimbo wakati wa ukavu, si baada ya mvua, na kama iko juu aongeze fimbo nyingine zikiwa zimeungwa na ile ya kwanza.

Ukigusa ampu inakuwasha washa vidole

Weka multimita kwa AC. Kwa soketi pima laivu na nyutro, alafu laivu na ethi, alafu nyutro na ethi. Mbili za kwanza zinafaa ziwe karibu sawa, ya tatu iwe volti chache tu. Ukipata laivu na ethi ni kitu kama 110 ama inacheza cheza tu, hiyo ethi haijaungwa mahali. Hii iko kwa nyumba nyingi sana za kupanga, soketi ina matundu matatu lakini nyuma kuna nyaya mbili. Vyombo vya kisasa vina filta ndani zinaunganisha laivu na bodi kupitia kapasita ndogo, ethi ikikosekana bodi inaelea katikati ya laivu na nyutro na ndio unasikia huo mwasho. Ukiuacha hivyo unangoja tu siku filta itakufa.

Hapa laini mpya yenye ethi inayofika kweli ni dawa, lakini tafadhali usitibu chumba cha mziki peke yake na jikoni uache hivyo.

Ukipata laivu iko upande wa nyutro, vyombo vitacheza lakini fyuzi ya plagi sasa iko upande usiofaa. Arekebishe. Kwa nyumba za zamani utakuta nyekundu na nyeusi, za sasa ni hudhurungi na bluu, na pale fundi wawili wamekutana kwa boksi moja miaka tofauti ndio makosa ya hivi huzaliwa.

Taa zinafifia, besi inalegea, ampu inabofya klik

Tuseme mtu akiwasha shawa ya stima taa zinashuka. Shawa ya 5500W inakula karibu ampea 23. Hebu tupige hesabu na hizi namba mafundi hutumia, waya ya 2.5 inapoteza milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita, ya 4 inapoteza 11, ya 6 inapoteza 7.3, ya 10 inapoteza 4.4.

Uko ghorofa ya nne, mita ziko chini kwa chumba cha mita, kebo ya kupanda mpaka kwako ni mita 40 na ni ya 6. Shawa ikiwaka, 7.3 mara 23 mara 40, gawa kwa 1000, volti 6.7 zimepotea kabla stima ifike kwa boksi yako. Ingekua ya 10 zingekua volti 4. Sasa angalia laini yako ya mziki: mita 15, ampu inakula ampea 3, ambayo ni kama wati 720 na hapo majirani washagonga mlango. Kwa waya ya 2.5 unapoteza 0.8V. Kwa ya 4 unapoteza 0.5V. Umenunua shaba zaidi ndio uokoe theluthi moja ya volti na shawa inakunyang'anya 6.7 huko nje.

Hio ndio sababu nasema pima kabla ununue. Chomeka multimita kwa soketi ya chumba cha mziki, mtu awashe shawa, andika namba. Alafu fundi apime kwa boksi yenyewe shawa ikiwa inawaka. Zikishuka sawa, shida ni ya kebo ya kupanda ama ya nje na hakuna waya utaweka kwa chumba itakusaidia, ongea na mwenye nyumba kuhusu kebo. Ikishuka kwa soketi na kwa boksi iko imara, hapo sasa laini ya pekee ni yako.

Na usiogope 2.5. Kwa chumba cha kawaida na ampu za kawaida 2.5 kwa breka ya 20A inatosha kabisa, plagi yenyewe ina fyuzi ya 13A kwa hivyo hakuna chombo kimoja kitapita hapo. Mimi ningeanza leo ningeweka ya 4, si juu ya sauti, ni juu ukishatoboa mara moja hutaki kurudia na siku moja utaweka ampu mbili za klasi A zenye zinakula stima hata mziki ukiwa kimya. Ya 6 niliyoweka ilikua ngumu kukunja nyuma ya soketi, skrubu zinaishika moja tu kwa shida, na sijasikia chochote nayo chenye 4 haingenipa.

Kitu cha haraka hapa: ukiona taa za chumba kimoja zinang'aa kupita kiasi na za kingine zinafifia kwa wakati mmoja, hiyo si ya mziki. Nyutro imelegea mahali, inaweza kuwa kwa nguzo, na volteji inaweza kupanda mpaka iue kila kitu. Zima meni swichi, ngoa vyombo, piga simu Kenya Power.

Pak! friji ikizima

Thamostati ya friji ikiachana inatoa cheche ndogo na hiyo cheche inasafiri kwa waya na hewani pia. Laini ya pekee inapunguza, haimalizi, juu zote mbili bado zinakutana kwa boksi. Kale kakapasita ka kuzima cheche kakiwekwa na fundi wa friji kwa hiyo thamostati kanasaidia kuliko mita 15 za waya mpya.

Sauti za tsss na kelele ndogo za juu juu: zima breka moja moja nyumba nzima mpaka iishe. Mara nyingi utaishia kwa balbu ya LED ya bei ya chini, chaja ya simu, ama swichi ya kupunguza mwangaza. Badilisha hiyo balbu. Swichi ya kupunguza mwangaza usiweke kabisa kwa chumba cha mziki.

Unawasha ampu na breka inaanguka

Ampu yenye transfoma kubwa ya duara, ukiiwasha inavuta mkondo mkubwa sana kwa sekunde ndogo. Breka ya aina B inaanguka kati ya mara 3 na 5 ya namba yake, kwa hivyo B ya 20A inaweza kuanguka kuanzia ampea 60. Aina C ni mara 5 mpaka 10. Kubadilisha kwenda C kunatatua lakini fundi apime kwanza kama ethi inaweza kuangusha hiyo C wakati wa hitilafu, ethi ikiwa dhaifu C haitaanguka pale inafaa. Kuna pia kifaa cha kuwasha polepole ndani ya ampu nyingi nzuri, kikiwa kimeharibika ampu inaanza kuangusha breka yenye ilikua haiangushi zamani.

Kama inayoanguka ni RCD ya 30mA, ile swichi inayokata stima ikivuja kwa ethi, hiyo ni habari nyingine, hesabu vyombo. Filta za kila kimoja zinavujisha kidogo kwa ethi, laptopu, TV, ampu, mashine ya kufua, zikijumlika zinafika pale RCD inaruhusiwa kuanguka ambapo ni kuanzia 15. Dawa ni chumba cha mziki kiwe na RCBO yake, yaani breka na RCD kwa kifaa kimoja. Usikubali mtu aitoe RCD ati inasumbua, kwa nyumba inayotegemea fimbo yake ya ethi hiyo ndio inakuokoa.

Ampu yenyewe inanguruma, si spika

Weka sikio kwa ampu, spika zikiwa kimya. Ni chuma ya transfoma inatetemeka. Inakuja na kwenda? Angalia kama kuna mtu anatumia mashine ya kukausha nywele kwa nguvu ya nusu, nyingine hukata nusu ya wimbi la stima na kuacha kaDC kadogo kwa laini, na hizi transfoma za duara hata chini ya volti 1 ya DC inazifanya zinung'unike. Kuna kifaa cha kuzuia DC kinakaa kabla ya ampu, hicho kinatibu. Inanguruma usiku tu? Pima, volteji huwa juu watu wakilala.

Mchana mbaya, usiku sauti ni tamu

Nina jirani anachomelea mageti. Kila akigusa chuma stima ya laini nzima inatikisika, na mimi na yeye tunatumia transfoma moja kwa nguzo. Laini ya pekee haiwezi kitu hapo. Stebilaiza ya relei itabofya klik klik mchana kutwa, yenye inafaa ni UPS ile ya kubadilisha stima mara mbili, inayotoa wimbi safi wakati wote, lakini feni yake ina kelele kwa hivyo iweke nje ya chumba. Hata hivyo kuwa mkweli na masikio yako, usiku wa saa saba hakuna matatu, hakuna boda, hakuna mtoto analia ghorofa ya juu, chumba chenyewe kimenyamaza na vitu vidogo vya mziki vinasikika. Sehemu kubwa ya huo utamu ni hiyo, na pazia nzito na zulia zitakupa mchana kuliko waya.

Ukicheza na inveta stima ikipotea na unasikia zzzz mbaya, angalia inveta yako kama ni ya wimbi safi ama ile ya ngazi ngazi. Ya ngazi ngazi hakuna waya itaitibu. Na stima ikirudi isirudi moja kwa moja kwa ampu, weka ile gadi ya TV ama ya friji inayongoja dakika chache kabla ya kuachilia, stima ya kurudi ndio imeua vyombo vingi hapa Nairobi.

Umepima, umehakikisha ni upande wa katikati, sasa unaenda kununua

Nenda Luthuli ama River Road na kalipa ya kupimia unene, zile ndogo. Waya ya 2.5 yenye nyuzi ina nyuzi 7, kila uzi 0.67mm. Ya 4 ni nyuzi 7 za 0.85. Ya 6 ni nyuzi 7 za 1.04. Pima uzi mmoja hapo hapo kwa kaunta, muuzaji akikataa toka. Kuna waya imeandikwa 2.5 na ndani ni karibu 1.5, plastiki ndio imenenepeshwa. Kwaruza uzi na kisu, ukiona weupe ndani hiyo ni alumini imepakwa shaba, haifai kabisa, inalegea kwa skrubu na kupata moto. Uzito pia unasema ukweli: roli ya mita 90 ya 2.5 shaba peke yake inafika kilo 2 kabla ya plastiki, ukibeba roli na iko nyepesi kama mkate unajua. Angalia alama ya KEBS lakini usiiamini peke yake, alama pia huchapishwa.

Shaba ya kawaida ya nyumba. Zile nyaya za ukutani zinauzwa ati zina usafi wa ajabu wa shaba ya mziki, stima imetembea kutoka Olkaria mpaka kwako kwa alumini, mita 15 za mwisho hazitabadilisha tabia yake. Hizo pesa weka kwa soketi zenye zinashika plagi vizuri, soketi imelegea inatoa cheche na cheche unaisikia.

Kama umepanga, zungumza na keateka na mwenye nyumba kabla, andikisha, na upitishe kwa trankingi ya juu ya ukuta badala ya kukata plasta, ukihama unaitoa. Laini itoke kwa boksi yako baada ya mita. Sili ya Kenya Power usiiguse na usikubali fundi aiguse.

Fundi akimaliza mwambie apime insulesheni na mashine ya 500V mbele yako kabla ya kuwasha, isomeke zaidi ya megaohmu 1, waya mpya huwa juu sana ya hapo, na apime ukinzani wa ethi kutoka soketi ya mwisho. Aandike namba kwa karatasi na aibandike ndani ya mlango wa boksi, na breka yenyewe iandikwe MZIKI ndio mtu asiizime akitafuta ya jikoni. Alafu umuite tena baada ya mwezi mmoja hivi akaze skrubu zote za hiyo laini, kwa boksi na kwa soketi, juu waya ya nyuzi hulala kidogo ikishabanwa na skrubu inabaki imelegea. Kwangu mbili kati ya sita zilikua zimelegea.